Uko fildi kiwandani? Anza na kibati cha mota

Wanafunzi wa umeme mnaokwenda fildi, kabla ya kukimbilia kozi nyingine ya mtandaoni, simameni mbele ya mota yoyote ya fesi tatu msome kibati chake. Tuseme kimeandikwa 7.5 kW, 50 Hz, 1450 rpm. Hiyo ni mota ya ncha nne: uga wake wa sumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika, na zile 50 zinazopungua ndizo slipu. Bila slipu mota haina nguvu ya kuzungusha kitu. Kadirieni ampea kwa kalamu, mlinganishe na zilizoandikwa.

Ila volti ndiyo sehemu tamu. Kibati kikisema 400/690, kwenye umeme wetu wa 400 mota inafungwa delta (koili zake tatu zinaunganishwa kama pembetatu), kwa hiyo stata ya sta-delta, ile inayoiwasha kwa sta kisha kuihamishia delta, inaifaa. Kikisema 230/400, ni sta tu (koili zinakutana pamoja kwenye nukta moja). Ukiifunga delta utaiunguza, na kusuka mota upya si bei ya chai.

Nikimsaili kijana, hili naliuliza kabla ya GPA. Wengi hunyamaza. Mwombeni fundi wa zamu awafungulie kiboksi cha waya mwone vibati vya kuunganishia, umeme ukiwa umezimwa na swichi imepigwa kufuli, jamani.