Masharti ya siri kabla ya kushauri wanandoa

Nashauri wanandoa hapa Tanga, na kikao cha kwanza ugomvi siugusi mpaka tuelewane kuhusu siri. Usipofanya hivyo, simu italia usiku uleule: "Dada, kuna jambo nataka ulijue, ila mwenzangu asisikie." Ukishalipokea umenaswa.

Basi sema mapema, wote wawili wakiwepo: "Atakayeniambia jambo linalogusa ndoa hii akiwa peke yake, nitampa nafasi alitoe mwenyewe hapa. Akikataa, nitasitisha vikao bila kutaja sababu." Wapo washauri wanaotunza siri ya kila mmoja. Sina ugomvi nao, mradi wanandoa walijue hilo tangu mwanzo. Taja na mipaka: mtoto anaumizwa, au mtu katishia kuua, hapo sinyamazi.

Majibu ya VVU yana uzito wake. Sheria ya mwaka 2008 inamtaka mwenye maambukizi amjulishe mwenzi wake, lakini kinywa kiwe chake. Kaa naye, mwandae, usimtangulie.

Ridhaa iombe kwa mmoja mmoja. Wengi huletwa na wajomba au mshenga, na kuitikia "sawa" mbele ya mume si kukubali. Namwita kila mmoja pembeni kwa dakika chache: umekuja kwa hiari yako? Unapigwa? Unaogopa kusema ukweli mkiwa pamoja? Dakika hizo hazimo kwenye sharti la juu, nalitamka hilo kwa wote wawili kabla ya kuwatenganisha. Mwenye hofu simketishi na mwenzake, na sababu inabaki kwangu.

Waeleze pia kwamba wewe si Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, anayetaka talaka mahakamani kwa kawaida hupita kwanza barazani, nalo ndilo linalotoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Watu huchanganya, kisha wanakudai barua ya kumshinda mwenzao. Mimi barua siandiki. Mahakama ikiniamuru, siwezi kuahidi kuikaidi.

WhatsApp naitumia kupanga saa tu; simu za nyumbani zina wasomaji wengi. Asiyesoma, msomee karatasi ya masharti haya polepole, kisha akueleze alivyoelewa ndipo atie dole gumba. Nakala uliza wataiweka wapi. Wanaoishi na mawifi huniachia mimi.