Jinsi ya kuizuia kompaila isifute wala kuhamisha usomaji wa kumbukumbu

Nimeuandika mwongozo huu, kwa anayetunga lugha ya programu, baada ya kumsaidia mwenzangu anayetunga lugha ndogo ya kuendeshea vifaa. Programu yake ilifanya kazi vyema kwa `-O0` (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, isipouboresha msimbo) lakini ikaganda kila alipotumia `-O2` (inapouboresha ili uende kasi).

Hatua ya 1. Soma asembli, yaani maagizo ya prosesa ambayo kompaila imeyatoa, kabla ya kulaumu kifaa. Kuipa kompaila `-O2 -S` kunatosha. Kitanzi `while (*hali == 0) {}`, kinachosubiri kifaa kibadilishe thamani iliyo kwenye anwani `hali`, kilikuwa kimebaki na usomaji mmoja tu, nao umewekwa nje ya kitanzi. Kompaila haikukosea, kwa kuwa hakuna kitu ndani ya kitanzi kinachoandika kwenye anwani hiyo.

Hatua ya 2. Amua mahali ambapo lugha yako itaweka katazo la kufuta au kuhamisha usomaji. C hulibandika kwenye aina ya kigeu kwa neno `volatile`, ilhali Rust huliweka kwenye tendo lenyewe, yaani `read_volatile` na `write_volatile`. Mimi napendelea njia ya Rust, kwa sababu katika C mstari `x++` unaficha usomaji na uandishi, na msomaji hawezi kujua kwamba unagusa kifaa mpaka akatafute tamko la `x`, ambalo huenda limo katika faili jingine.

Hatua ya 3. Shughulikia mpangilio, hatua ambayo mimi mwenyewe iliwahi kunipotezea siku mbili. Nilijaza data kwenye bafa (eneo la kumbukumbu la kushikilia data), kisha nikaandika 1 kwenye kigeu `tayari` chenye `volatile` ili uzi wa pili, yaani mkondo mwingine wa programu unaoendeshwa sambamba, uanze kusoma, lakini mara mojamoja uzi huo ulikuta data ya zamani. Katika C, `volatile` hulinda mpangilio wa matendo ya `volatile` yenyewe kwa yenyewe, hivyo uandishi wa kawaida unaweza kusogezwa hadi baada yake. Nikaifanya bafa nzima kuwa `volatile`, na kwenye mashine yangu yenye prosesa ya aina ya x86 tatizo likatoweka; kwenye yenye prosesa ya aina ya ARM likarudi, kwa kuwa huko prosesa nayo inaruhusiwa kubadilisha mpangilio wa uandishi, na `volatile` haiiamrishi chochote. Dawa yake ni atomiki za C11, yaani vigeu maalumu vya kushirikiwa na nyuzi: uzi unaoandika `tayari` utumie `memory_order_release`, unaoisoma utumie `memory_order_acquire`, na vyote viwili viwepo, maana kimoja peke yake hakifai kitu. Anayetoka Java ajihadhari, kwani huko `volatile` imebeba dhamana hii ya mpangilio tangu Java 5 ya mwaka 2004. Wala usidhani kwamba atomiki zinatosha kwa rejista za vifaa (anwani ambazo kuzisoma au kuziandika ni kuwasiliana na kifaa): kanuni za C haziikatazi kompaila kuunganisha matendo mawili ya kuandika ya atomiki yanayofuatana kwenye anwani moja, jambo ambalo kifaa kinachosubiri matendo yote mawili hakiwezi kulivumilia. Kwa hiyo lugha yako iwe na matendo ya aina zote mbili, ya `volatile` na ya atomiki, kila moja na jina lake.

Hatua ya 4. Ukitumia LLVM (zana ya kujengea kompaila), kompaila yako izalishe `load volatile` kwa vifaa na `load atomic` kwa nyuzi. Kisha rudia hatua ya 1, uhesabu usomaji mmoja mmoja.