T-34 ya majira ya baridi: jinsi ya kupaka chokaa inayobanduka vizuri

Juma lililopita nilimsaidia kijana aliyesugua usiku kucha modeli yake ya plastiki ya T-34, kifaru cha Kisovieti cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alitaka rangi nyeupe ya juu ionekane imechakaa, nayo ikakataa kutoka. Kosa lake nililifanya mimi miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo nimeandika mwongozo huu nikiwa na hatua ya tatu akilini. Kipimo ni 1/35, yaani modeli ni ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi.

Hatua ya 1: Kuunganisha

Fuata karatasi ya maelekezo. Tumia gundi nyepesi ya majimaji inayoyeyusha plastiki, siyo ile nzito ya tyubu. Jambo moja tu: T-34 haina vigurudumu vya kubebea mnyororo upande wa juu, hivyo mnyororo hulala juu ya magurudumu makubwa. Ukiuacha umenyooka kama rula, kifaru kizima kitaonekana cha bandia.

Hatua ya 2: Kijani

Praima (rangi ya msingi), kisha kijani cha vifaru vya Kisovieti, kiitwacho 4BO. Mimi hukichanganya kiwe chepesi kidogo, kwa sababu kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ileile. Kikikauka, pulizia vanishi ya laka yenye mng'ao kiasi, uiache siku nzima. Usiiruke. Hiyo ndiyo ngao ya kijani chako.

Hatua ya 3: Sprei ya nywele na chokaa

Katika vita, rangi nyeupe ya baridi ilikuwa ya muda, mara nyingi chokaa au chaki, na ilichakaa upesi pale askari walipopanda na kukanyaga. Tunaiga uchakavu huo hivi: chini sprei ya nywele, juu rangi nyeupe ya akriliki, ile ya kuchanganywa na maji. Maji hupenya nyeupe, hulainisha sprei, na rangi iliyo juu yake hung'oka.

Pulizia sprei mara mbili, nyembamba, ukiwa umbali wa kiganja na nusu. Ikifanya matone, futa kwa maji uanze tena. Subiri ikauke kabisa.

Sasa nyeupe. Ichanganye na maji, maji peke yake. Mimi niliichanganya na tina ya laka, kiyeyusho kikali cha rangi, kwa sababu hutoka laini kwenye brashi ya hewa, kile kifaa cha kupulizia rangi. Tina ile ilipenya sprei na kuigandisha nyeupe kwenye kilichokuwa chini. Nilisugua kwa saa nne, na kilichotoka mwishoni ni kijani pamoja na praima, hadi plastiki ikaonekana. Kijana wangu naye alitumia tina, tena akaiacha nyeupe ilale usiku mmoja. Rangi ikikomaa, maji hupita kwa shida. Anza kubandua ndani ya saa moja hivi baada ya kukauka kwa kugusa.

Lowesha sehemu ndogo, mlango mmoja tu, kwa maji ya uvuguvugu. Hesabu hadi thelathini. Kisha gonga kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Kugonga hutoa vipande, kusugua hutoa ukungu. Kwa mikwaruzo tumia kijiti cha meno. Bandua zaidi kwenye kingo za milango ya mnara, juu ya mabamba ya kuzuia matope na kuzunguka mlango wa dereva. Ubavuni mwa mnara gusa kidogo tu, maana huko hakukanyagwi. Acha mapema kuliko unavyotamani: kubandua zaidi kesho bado kunawezekana kwa kiasi, kurudisha haiwezekani.

Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Sprei hutofautiana, na ile rahisi isiyo na manukato mengi imenifaa kuliko za gharama.

Ukiridhika, funika kwa vanishi butu, isiyong'aa. Bila hiyo, tone lolote la maji litaendelea kula kazi yako.

Hatua ya 4: Vivuli

Changanya rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva na tina ya madini isiyo na harufu. Pitisha kwenye mianya na misumari pekee. Kamwe usiimwage bwelele: ikipenya kwenye maungio yaliyobanwa, plastiki hukakamaa na kupasuka, hasa mikono ya magurudumu.

Hatua ya 5: Matope

Kwa matope tumia unga wa rangi, na uvae barakoa. Mwishoni sugua penseli ya risasi kwenye meno ya mnyororo yanayogusa ardhi, kwa sababu hapo chuma hakipati nafasi ya kushika kutu.