Namna ya kudhibiti uzito na kuzuia unene uliokithiri

Unene huingia polepole: nusu kijiko hapa, kipande cha ziada pale, mwaka hadi mwaka. Kilo moja ya mafuta mwilini ni akiba ya takriban kalori 7,700. Zigawe kwa siku 365, utapata kalori 21 kwa siku, kiasi kisichofika hata vijiko viwili vya chai vya sukari. Mwili haufuati hesabu hii kikamilifu, maana kadiri unavyonenepa ndivyo unavyotumia nguvu zaidi, lakini inaonyesha jinsi ziada ndogo inayorudiwa inavyojenga kitambi. Kwa hiyo kabla ya kubadili chochote, jiulize kama utaweza kuendelea nacho miaka miwili ijayo. Kama huwezi, chagua badiliko jingine.

Pima kwanza, na upime sawasawa

Weka mizani kwenye sakafu ngumu, maana juu ya zulia husoma vibaya. Jipime asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya kula au kunywa, ukiwa na nguo nyepesi. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni na, kwa wanawake, hedhi. Usifurahi wala kusikitika kwa namba ya siku moja. Jipime mara moja kwa wiki siku ileile, au kila siku kisha uchukue wastani wa wiki.

Halafu tafuta uwiano wa uzito na urefu, ule ambao hospitalini huitwa BMI. Zidisha urefu wako kwa mita kwa wenyewe, kisha gawa uzito wako kwa jibu hilo. Mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.68 atapata 1.68 × 1.68 = 2.82, kisha 82 ÷ 2.82 = 29.1. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kwa watu wenye asili ya Asia hatari huanza mapema, kwenye 23 hivi. Kipimo hiki hakitofautishi msuli na mafuta, hakiwafai wajawazito, na watoto wana chati zao zinazozingatia umri na jinsia.

Ndiyo maana kiuno nacho kipimwe. Mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na mtu anaweza kuwa na BMI ya kawaida huku kitambi kikimwongezea hatari. Tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini kabisa, kisha sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga, na upitishe futi ya fundi cherehani katikati ya hapo. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, hakikisha futi imekaa sawa mbele na nyuma bila kubana ngozi, kisha soma. Makosa mawili hutokea sana: kupima pale suruali inapofungwa, chini ya kitambi, na kuvuta tumbo ndani. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Yule mwenye sentimita 168 anatakiwa awe chini ya 84.

Andika unachokula kwa siku saba

Kwa wiki moja usibadili chochote, andika tu. Saa, chakula, kiasi, na sababu iliyokufanya ule: njaa, uchovu, upweke, au kwa kuwa chakula kilikuwa mbele yako. Andika papo hapo, kwa sababu ukisubiri jioni utakuwa umesahau baadhi ya mambo, na yanayosahaulika ni yaleyale yanayonenepesha: kuonja wakati wa kupika, kumalizia mabaki ya watoto, karanga za mkononi, kijiko cha tatu cha sukari. Usiiache siku ya mapumziko, maana hapo ndipo ulaji hubadilika zaidi.

Mwisho wa wiki utaona mianya miwili au mitatu inayojirudia. Shughulikia hiyo tu. Anayebadili mambo kumi kwa siku moja kwa kawaida hurudia yote kumi kabla ya mwezi kwisha.

Kinywaji na mafuta ya kupikia

Kwa watu wengi mwanya mkubwa uko hapa, na habari njema ni kwamba hapa ndipo unapoweza kupunguza bila kulala na njaa.

Soda ya kawaida ya nusu lita huwa na sukari gramu 50 hivi au zaidi, yaani vijiko vya chai 12 au 13, zenye kalori kama 200. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinakupeleka palepale bila soda. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Tatizo la sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi: unakunywa kalori 200, kisha unakula mlo wako uleule. Juisi halisi ya matunda haiko mbali na soda kwa hili. Tunda likamuliwapo, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye makapi, na matunda manne ambayo usingeyala kwa mara moja yanamezwa kwa dakika moja. Kula tunda lenyewe, kunywa maji.

Ukiona kuacha sukari ghafla ni kazi, punguza nusu kijiko kila wiki katika kila kikombe. Ulimi huzoea. Baada ya miezi miwili chai uliyokuwa ukinywa zamani utaiona tamu kupita kiasi.

Pombe nayo ihesabiwe. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, karibu sawa na mafuta yenye 9, ilhali wanga na protini zina 4. Bia ya mililita 330 huwa na kalori 140 hivi, mbali na vitafunwa vinavyoandamana nayo.

Mafuta ya kupikia ni hadithi hiyohiyo. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, yawe ya alizeti, ya zeituni au ya mawese. Aina ya mafuta ni muhimu kwa moyo. Kwa uzito ni kiasi tu. Kinachoharibu ni kumimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Pima kwa kijiko: kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji kinatosha mboga nyingi. Kitunguu kikianza kushika sufuriani, ongeza maji kidogo badala ya mafuta. Vya kukaanga kwa mafuta mengi vibaki kuwa chakula cha siku mojamoja. Lakini usiyaondoe mafuta kabisa, maana vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili mwili uzifyonze.

Sahani

Tumia sahani yenye upana wa sentimita 23 hadi 25. Nusu yake mboga zisizo na wanga mwingi, robo vyakula vya wanga, robo protini. Viazi na mahindi vihesabiwe kwenye robo ya wanga. Pakua mboga kwanza: anayeanza na wanga hujikuta mboga zimebakiwa na kona. Lengo la siku kwa mboga na matunda ni angalau gramu 400, na nyuzinyuzi gramu 25, ambazo hupatikana kwa urahisi zaidi ukitumia nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde.

Protini hushibisha na hulinda misuli unapopungua. Katika kipindi hicho, gramu 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito ni kiwango kizuri kwa mwenye figo zenye afya, kikigawanywa kwenye milo yote. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, gramu 100 za nyama ya kuku iliyoiva kama 30. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila kumwuliza daktari wake.

Vyakula vilivyosindikwa sana, kama biskuti, soseji, krispi na vinginevyo vya pakiti, vinastahili tahadhari ya pekee. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za afya za taifa za Marekani walichapisha jaribio ambamo watu 20 waliishi kituoni, wiki mbili wakila vyakula hivyo na wiki mbili visivyosindikwa sana, huku wakiruhusiwa kula watakavyo. Milo yote miwili iliandaliwa ikiwa na sukari, mafuta na nyuzinyuzi kwa kiasi kinacholingana. Kwenye vile vya kusindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha, walikula kwa haraka zaidi na kwa wingi zaidi. Kwa hiyo usitegemee nguvu ya nia peke yake. Usiviweke ndani ya nyumba, au viweke mahali pa kupandia kiti.

Kula umekaa, bila simu, na ukitaka kuongeza subiri dakika 15, kwani ishara za kushiba huchelewa. Kuhusu kifungua kinywa, hakuna haja ya ugomvi: ukikiruka na mchana usile maradufu, hakuna ubaya, lakini kama kukiruka kunakufanya ufakamie jioni, basi kile.

Mwendo

Hapa ukweli usemwe wazi, kwa sababu wengi hukata tamaa. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa nusu saa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hutumia kalori 120 hivi, kile kijiko kimoja cha mafuta. Mazoezi bila kurekebisha chakula hupunguza uzito kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kulinda misuli, kushusha sukari na shinikizo la damu, na kuzuia uzito usirudi.

Kwa mtu mzima, mwendo wa wastani wa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au wa nguvu wa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kama ulikuwa hufanyi lolote, anza na dakika 10 kwa siku na uongeze 5 kila wiki. Kwa misuli, inuka na kukaa kwenye kiti bila kushika, jisukume ukutani, nyanyua mzigo: seti mbili au tatu za mara 8 hadi 12. Magoti yakiuma, ogelea au endesha baiskeli. Na usijizawadie kwa chakula.

Lala angalau saa saba. Anayelala kidogo huamka na njaa zaidi, hasa ya vitamu.

Kasi, kukwama na kubaki ulipofika

Lenga kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako kwa miezi sita, na hata wiki zinazokwenda vizuri iwe nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, si zaidi. Kwa yule wa kilo 82 ni kilo 4 hadi 8. Si kidogo hata kama kioo hakisifii. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa kwenye hatari walipewa lengo la kupungua asilimia 7 na kufanya mwendo dakika 150 kwa wiki. Visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58. Kwa waliotumia dawa ya metformin vilipungua kwa asilimia 31.

Kilo zinazotoka wiki ya kwanza nyingi ni maji, kwa sababu akiba ya wanga mwilini huhifadhiwa pamoja na maji, kama gramu 3 kwa kila gramu moja. Matangazo ya kupungua kwa siku saba yanaishi kwa siri hiyo. Kupungua kwa kasi kubwa hula misuli na huongeza uwezekano wa mawe kwenye kibofu cha nyongo. Mlo wa chini ya kalori 800 kwa siku ufanywe chini ya daktari pekee.

Baada ya miezi michache mizani itasimama. Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo, njaa huongezeka, na vipimo vya jikoni vinakuwa vimelegea. Kama uzito na kiuno havijasogea kwa wiki nne, rudi kuandika chakula siku saba, rudisha kijiko cha kupimia mafuta, ongeza dakika 10 hadi 15 za kutembea. Usikate chakula kwa nusu.

Kubaki ulipofika ndiyo kazi ndefu. Nchini Marekani kuna rejista iliyoanzishwa mwaka 1994 inayofuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kutozirudisha kwa mwaka au zaidi. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki, hufanya mwendo karibu saa moja kwa siku na hutazama televisheni kidogo. Jiwekee mstari: uzito ukizidi lengo kwa kilo 2, daftari linafunguliwa wiki hiyohiyo, kabla hazijawa sita.

Watoto

Mtoto asiwekwe kwenye mlo wa kupunguza uzito bila daktari. Mara nyingi inatosha uzito usipande haraka wakati urefu unaongezeka. Badilisha chakula cha nyumba nzima, asitengwe. Usimlazimishe kumaliza sahani, usimpe pipi kama zawadi, usimtanie mwili wake. Kuanzia miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa saa moja ya mchezo wa kumtoa jasho kila siku.

Wakati wa kumwona daktari

Nenda kama BMI imefika 30, au kama unakoroma na pumzi hukatika usingizini. Nenda pia ukijikuta unakula kwa pupa bila kujizuia kisha unajitapisha. Steroidi, insulini na baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili huongeza uzito. Usiziache mwenyewe, uliza kama kuna mbadala. Anayetumia insulini au vidonge vinavyochochea insulini amweleze daktari kabla ya kupunguza chakula, maana dozi isipopunguzwa sukari inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa bila cheti mara nyingi huharisha tu, na kinachotoka ni maji. Na kama uzito umeshuka kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 bila wewe kufanya chochote, usishangilie, kapimwe.