Swali Lako Likifungwa na Wasimamizi
Katika Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008, swali lililofungwa halijafutwa: limezuiwa tu kupokea majibu mapya, na mwenyewe anaweza kulihariri ili lipigiwe kura ya kufunguliwa tena. Kwa hiyo usikimbilie kuliuliza upya kwa hasira. Soma kwanza sababu iliyotajwa. Kisha, badala ya kulalamika kwamba programu “haifanyi kazi”, nakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, eleza ulichotarajia na kilichotokea, na uonyeshe kipande kifupi cha msimbo kinachotosha kuirudia hitilafu hiyo. Unapowajibu wengine, usibandike maandishi ya ChatGPT, yaliyopigwa marufuku huko Desemba 2022. Kura hasi (ya kushusha swali au jibu) isiyo na maelezo huudhi, tena sana, lakini aliyeipiga halazimiki kujieleza.