Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Mtandaoni: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwalimu wa Mombasa

Mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi wa Gredi ya Nane utafiti kuhusu Ngome ya Yesu ana uamuzi wa kufanya mapema: ama awaache watafute wenyewe kwenye Google, ama awateulie tovuti chache na kuwaambia waanzie hapo na waishie hapo. Kwa umri huo, na kwa kipindi cha dakika 40, naona njia ya pili ndiyo yenye tija, kwa sababu kutafuta ni stadi inayostahili kipindi chake, na mwanafunzi anayefundishwa kutafuta na kufundishwa historia kwa mkupuo mmoja aghalabu huishia kunakili aya ya kwanza iliyomwangukia machoni. Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1995, Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego nchini Marekani, akishirikiana na Tom March, aliipangia utaratibu na kuiita WebQuest, akikusudia muda wa mwanafunzi uende katika kuitumia habari badala ya kuisaka. Hata hivyo, uteuzi ukifanywa kwa pupa usiku wa kuamkia somo hautoi zaidi ya orodha ya viungo, na orodha ya viungo peke yake haijamfundisha mtu.

Jambo la kutangulia yote ni swali, nalo liandikwe kabla ya kufungua tovuti hata moja. Ukiuliza ngome ilijengwa lini na nani, jibu liko katika sentensi moja: ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Darasa zima litakuletea sentensi hiyo hiyo, na wala huwezi kuwalaumu, maana ndiyo uliyoiomba. Swali linalofaa ni lile ambalo jibu lake halijaandikwa mahali pamoja. Waulize, kwa mfano, walinganishe jinsi ngome ilivyotwaliwa mwaka 1631 na jinsi ilivyotwaliwa mwaka 1698, kisha waeleze kuta zile nene ziliwafaa nini waliokuwa ndani. Mara ya kwanza Sultani Yusuf bin Hasan aliingia kwa hila akamuua kapteni wa Kireno. Mara ya pili Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na maradhi na uhaba wa chakula vikafanya kazi ambayo mizinga haikuifanya. Mwanafunzi atalazimika kusoma kurasa mbili au tatu, kupima, na kuamua, na hapo ndipo ulipo utafiti.

Swali likishasimama, tovuti tatu hadi tano zinatosha, na kila moja iwe na sababu ya kuwamo. Ukurasa wa UNESCO, iliyoitia ngome katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, unaeleza vizuri usanifu na ule mpango wa jengo uliofuata umbo la mwili wa mwanadamu, ila unasema machache kuhusu watu wa Mvita waliokuwa nje ya kuta. Ukurasa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya unaongea kwa sauti ya mwenye nyumba, anayeitunza na anayetaka pia wageni waje. Wikipedia ya Kiswahili ina faida ya lugha, na picha ya setilaiti humwonyesha mwanafunzi kwa macho yake lile umbo analolisoma kwa maneno. Usiondoe kwenye orodha ukurasa unaopishana na mwingine kwa hofu ya kuwachanganya. Pale tovuti mbili zisipokubaliana ndipo mwanafunzi anapolazimika kuuliza nani ameandika, lini, na kwa kutegemea nini. Herufi za mwisho za anwani, kama .go.ke ya serikali au .sc.ke ya shule, ni dokezo tu kuhusu mwenye tovuti. Haziwezi kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ndani ni sahihi.

Majina nayo yana taabu yake, na mwalimu ayatatue mapema. Huyo Yusuf bin Hasan alilelewa na Wareno huko Goa na akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, kwa hiyo ukurasa mmoja utamtaja kwa jina hili na mwingine kwa lile. Cairati naye huandikwa pengine João Batista Cairato. Mwanafunzi asiyejua atawahesabu kuwa watu wanne, na kwa haki. Karatasi ndogo yenye majina hayo, ikigawiwa pamoja na viungo, huokoa robo ya kipindi. Tovuti nyingi ziko kwa Kiingereza, basi waandalie pia tafsiri ya istilahi chache ngumu. Na kwa kuwa UNESCO huweka muhtasari wa Kiarabu, wanafunzi wa madrasa wenye Kiarabu kizuri wanaweza kupewa nafasi ya kuwasomea wenzao, jambo ambalo shule zetu za Mombasa hulitumia mara chache mno.

Kuzijaribu tovuti ndiko walimu wengi wanakokuruka. Zifungue kwenye kishikwambi kile kile atakachoshika mwanafunzi, kwa mtandao ule ule wa shule, wala usitosheke kwamba zilifunguka vizuri kwenye tarakilishi yako nyumbani. Hapo utaona kile kidirisha cha kuomba ruhusa ya vidakuzi (cookies, faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kifaa) kikifunika nusu ya kioo kwa Kiingereza kizito, na kitufe cha kukifunga kimejificha pembeni. Utaona ukurasa wa historia uliopambwa kwa tangazo la kamari katikati ya aya. Utaona kiungo kinachodai nenosiri. Ukurasa wenye kamari uondoe hata kama maelezo yake ni mazuri. Anwani ndefu usiziandike ubaoni, kwani kistari kimoja kikisomwa vibaya kundi zima litabaki likinyoosha mikono. Ziweke katika faili moja ya viungo na uipakie kwenye kila kifaa kabla ya somo.

Kuhusu mtandao wenyewe, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, lakini ujirani huo hauliongezei bando darasa la Likoni au Changamwe. Simu ya mwalimu ikigeuzwa kuwa waifai hubeba vifaa vichache tu kabla ya kulemewa. Hifadhi kurasa muhimu ndani ya vifaa mapema, au tumia programu ya Kiwix, inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti baada ya kuipakua. Chaji vifaa tangu jana yake na uchapishe nakala chache za karatasi, maana stima haina miadi.

Tovuti isiyohitaji mwanafunzi kujisajili ni bora kuliko inayohitaji. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, data binafsi za mtoto hazichakatwi bila idhini ya mzazi au mlezi, kwa hiyo ikiwa ni lazima watoto waandike majina yao mahali, barua ya idhini iende nyumbani mapema na kwa Kiswahili. Amua vilevile msimamo wako kuhusu akili unde (AI) na uutamke wazi. Mimi ningeizuia katika kazi hii, kwa sababu huleta jibu lililokwisha kulinganishwa, na kulinganisha ndiko tunakotaka mtoto akufanye.

Hatimaye andaa karatasi ya kunukuu yenye safu za anwani, mwandishi au taasisi, tarehe ya kufungua, na lile alilolipata kwa maneno yake mwenyewe. Uijaze mwenyewe kwanza kwa kufuata tovuti zako na swali lako, saa ikiwa mezani. Ukishindwa kumaliza ndani ya dakika 25, punguza tovuti moja au uombe vipindi viwili vinavyofuatana. Na asubuhi ya somo, kabla ya kengele, fungua tena kila kiungo, kwa kuwa kurasa huhamishwa bila taarifa.