Kutia bia gesi ndani ya kegi

Anza na baridi. Bia baridi huishika gesi, bia ya joto huitema, kwa hiyo presha bila kujua joto ni kubahatisha tu. Weka kegi (pipa la chuma la bia) ya lita 19 kwenye friji usiku kucha hadi bia yenyewe, si hewa ya friji, ifike nyuzi 4 za Selsiasi. Hapo presha ya psi 12 (bar 0.8) itaipa bia gesi ya ujazo 2.5: kila lita moja ya bia imebeba lita mbili na nusu za kaboni dioksaidi. Bia nyingi hupendeza hapo. Psi 12 hizo hizo kwenye nyuzi 15 hazifikishi hata 2.

Usijaze kegi hadi mdomoni. Mrija mfupi wa kuingizia gesi lazima ubaki juu ya bia. Funga kifuniko, tia psi 30 ili raba yake ikae sawa, kisha vuta valvu ya kupumulia, inayotoa gesi nje. Rudia mara nne au tano kuifukuza hewa, maana oksijeni huipa bia ladha ya boksi lililolowa. Paka maji ya sabuni kwenye kifuniko na kila kiungo, halafu tulia utazame. Povu moja linalotuna polepole pembeni mwa raba linatosha kuumaliza mtungi wa gesi kabla bia haijawa tayari. Geji ya mtungi haitakuonya: haishuki sana mpaka gesi iliyo katika hali ya maji mtungini iishe. Pima mtungi kwa mizani.

Sasa weka regyuleta (kifaa cha kurekebisha presha itokayo mtungini) psi 12, acha gesi wazi, subiri siku 7 hadi 10. Njia hii haiwezi kuzidisha gesi. Mwenye haraka aweke psi 30 kwa saa 24, afunge gesi, apumulishe kegi, arudi psi 12 na kuonja. Bado ataiacha siku moja au mbili itulie. Kutikisa kegi hatukushauri: hujui umefika wapi, unaivuruga hamira iliyotuama, na presha ya kegi ikizidi ya regyuleta, bia hupanda kwenye mpira wa gesi. Kama ni lazima, weka valvu ya njia moja kwenye mpira wa gesi.

Glasi ya kwanza ikijaa povu, usihangaike, koki ilikuwa na joto. Zikijaa zote na bia inachoma ulimi, gesi imezidi: chomoa mpira wa gesi, pumulisha kegi kila baada ya saa chache kwa siku nzima. Povu tele lakini bia mdomoni imepooza? Gesi inatoka njiani. Mpira wa bia ni mfupi au una joto. Jaribu wa mita 3 wenye tundu la milimita 5.

Mtungi usimame wima, chumba kiwe na hewa. Kaboni dioksaidi haina harufu na ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Ikivuja kwenye chumba kilichofungwa inaua.